Wazazi wa Kusini, Tuzikague Shule Kabla ya Kulipa



Kila mwaka minada ya korosho inapoanza, na fedha ya kwanza kuingia mikononi mwa wakulima, swali moja huzuka kuanzia Mikindani hadi Kitaya, na kutoka Nanyamba mpaka Newala: mtoto tumpeleke shule gani? Huyu asema Dar es Salaam, kwa kuwa ana shemeji huko. Yule amesikia sifa za shule za Bukoba, na mwenziwe za Moshi. Mwingine ameona basi la shule likipita hapa hapa mjini Mtwara, watoto wamefunga tai na kuvaa soksi ndefu, basi moyo wake umekwisha kuamua kabla kichwa hakijaulizwa.

Swali hili si la anasa. Fedha inayotumika ni jasho la mwaka mzima, na mtoto hana utoto wa pili wa kurudia kama shule ya kwanza haikumfaa. Kwa hiyo yatupasa tulizungumze wazi, sisi wa Mtawanya na wenzetu wa pwani yote mpaka Ruvuma, bila ya kumsema mtu na bila ya kuwaogopa wenye shule.

Kwanza tuseme neno la haki. Wako watu wenye desturi ya kumcheka mkulima anayempeleka mwanawe shule ya kulipia, wakasema anajitia ubwana. Sisi hatumo katika kundi hilo. Mzazi akiona darasa limejaa watoto kupita kiasi, na mwalimu mmoja anafundisha masomo manne, ana haki ya kutafuta njia nyingine. Na ile sababu ya lugha ni sababu ya kweli. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha siku anapoingia Kidato cha Kwanza hukuta hesabu na elimu ya viumbe vimegeuka Kiingereza. Wengi huduwaa, na wengine hawapati tena nguvu ya kusimama. Mzazi anayekimbilia shule ya Kiingereza anajaribu kumvusha mtoto wake ukuta ambao si yeye aliyeujenga. Tungependa aliyeujenga auondoe. Lakini mpaka siku hiyo hatuwezi kumwambia mzazi akae akitazama.

Basi haki ya kuchagua anayo. Neno letu ni kwamba kuchagua ni kazi, na wengi wetu twaifanya kazi hii kwa masikio badala ya macho.

TULIKOTOKA

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Zama za ukoloni shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Hata miongoni mwa Waafrika wenyewe palikuwa na daraja. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920, mwanzoni ilikusudiwa hasa watoto wa machifu. Huku kwetu Kusini elimu ilikuwa zaidi mikononi mwa misheni: Waanglikana wa UMCA, waliofika Masasi mwaka 1876 na baadaye wakawa na chuo chao Chidya, na Wabenediktini, waliojenga Ndanda mwaka 1906.

Hatukatai wema wao. Marehemu Benjamin Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, alizaliwa Lupaso mwaka 1938, akasoma Ndanda, kisha Pugu, shule ile ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere alifundisha mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashike kazi ya siasa. Walakini mtoto wa Kiislamu wa Msimbati au Mikindani, ambaye baba yake alichelea kumpeleka misheni asije akageuzwa dini, mara nyingi alibaki na chuo cha Kurani na madarasa machache ya mwanzo. Akili hakukosa. Alikosa mlango.

Uhuru ulipopatikana, kuanzia mwaka 1962 shule za rangi ziliunganishwa. Mwaka 1967 ikaja siasa ya Elimu ya Kujitegemea, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za misheni chini ya Serikali. Ndipo Ndanda na Chidya zikawa shule za watoto wote, anayeswali na anayesali. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto awe darasani upesi.

Kisha zikaja dhiki za miaka ya 1980, na mzazi akaanza tena kudaiwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikawafungulia mlango watu binafsi na mashirika ya dini kuanzisha shule, na shule za msingi za Kiingereza zikaanza kuchipuka mijini. Mwaka 2001, chini ya Rais Mkapa huyo huyo, ada ya shule ya msingi ya Serikali ikafutwa mara ya pili. Mwaka 2016 ikafutwa ya sekondari hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ikafuata ya Kidato cha Tano na cha Sita.

Twaieleza historia hii kwa sababu ina onyo ndani yake. Leo hakuna mlango wa shule unaouliza rangi ya mtoto, lakini iko milango inayouliza mfuko wa baba yake. Mzazi anayechagua shule ya kulipia hatendi dhambi, ila akumbuke kwamba anachagua katika nchi iliyowahi kuuvunja ukuta mmoja kwa taabu kubwa.

JINA NA KAZI

Sasa tuje katika kuchagua. Kwa miaka mingi wazazi walichagua kwa orodha. Baraza la Mitihani lilikuwa likitangaza shule kumi bora, na shule iliyotajwa siku ile ilipokea maombi mengi kuliko vitanda vyake. Mwezi wa Januari mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Wako waliolalamika kwamba wametolewa taa gizani. Sisi twaona ilikuwa taa yenye moshi mwingi. Shule yenye watoto arobaini waliochujwa kwa mtihani mgumu tangu mlangoni haikuwa ikilinganishwa kwa haki na shule ya kata inayompokea kila mtoto aliyepangiwa, mwenye kujua na asiyejua. Ukichagua mbegu moja moja ukazipanda kwenye bonde lenye maji, usijisifu mbele ya aliyepewa gunia zima na mlima wa mawe.

Lakini taa haikuzimwa yote. Matokeo ya kila shule bado hutolewa hadharani, ya Darasa la Nne na la Saba, ya Kidato cha Pili na cha Nne, na mzazi asiyejua kuyatafuta ana kijana jirani mwenye simu atakayemsomea. Hapo twataka mzazi afanye hesabu moja ambayo wenye shule hawaiandiki katika matangazo yao. Chukua matokeo ya Kidato cha Pili ya mwaka 2022, uhesabu watoto wa shule hiyo. Kisha chukua ya Kidato cha Nne ya mwaka 2024, uhesabu tena. Walikuwa themanini, sasa ni hamsini na watano. Wale ishirini na watano wako wapi?

Yawezekana wengine walihama na wazazi wao, na wengine walirudia kidato kwa mujibu wa kanuni za mtihani. Pengo dogo halina neno. Lakini pengo kubwa linalojirudia kila mwaka lina maana yake. Ziko shule zinazoweka wastani wao wenyewe, na mtoto asiyeufikia huambiwa arudie darasa au atafute shule nyingine, ili siku ya mtihani wabaki wale tu watakaoipamba shule. Wizara ya Elimu imekwisha kuonya juu ya jambo hili, na mchezo haujaisha. Mzazi amelipa miaka mitatu, na mwaka wa nne anarudishiwa mtoto pamoja na sanduku lake. Shule ya namna hiyo haifundishi, bali huchagua. Na sifa yake imejengwa kwa machozi ya watoto ambao majina yao hayamo katika tangazo.

Kwa shule ya msingi hesabu ni hiyo hiyo: Darasa la Nne la mwaka fulani, na Darasa la Saba miaka mitatu baadaye.

MASWALI YA MLANGONI

Hesabu hiyo ikikwisha, nenda ukaione shule. Usiende siku ya mahafali, maana siku hiyo kila kitu kimepigwa rangi. Nenda siku ya kazi, asubuhi, ukaulize kwa adabu lakini bila ya haya.

Uliza usajili wa shule. Shule iliyosajiliwa haioni taabu kuonyesha karatasi yake.

Uliza habari za walimu. Wangapi wana vyeti vya ualimu? Wangapi walikuwapo miaka mitatu iliyopita na wangali wapo? Mahali ambapo walimu hubadilika kila muhula, mara nyingi mishahara haipatikani kwa wakati, na mtoto ndiye anayelipa deni hilo.

Kama shule hujisifu kwa Kiingereza, omba uketi nyuma ya darasa nusu saa. Hata wewe usiyekijua Kiingereza utatambua kama watoto wanaulizana na kujibu, au wanaitikia pamoja kama kwaya maneno wasiyoyaelewa. Mtoto wa miaka saba kuimba shairi la Kiingereza mbele ya wageni ni jambo la kupendeza, lakini halitoshi. Mwulize kwa Kiswahili shairi lile lasema nini. Akinyamaza, umekwisha kujua.

Tazama maji, vyoo na jiko. Mwenye shule anayekuonyesha chumba cha kompyuta na kukuzuia usione choo cha wasichana ana jambo analolificha.

Uliza fedha yote, si ada peke yake. Kuna sare za aina tatu, kuna basi, chakula, mitihani ya majaribio, safari, na michango isiyo na jina. Iandikwe yote katika karatasi moja, ijumlishwe, nawe uisome mbele ya karani.

Na wale wadogo wasipelekwe bwenini. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2023 umekataza bweni kuanzia darasa la awali hadi Darasa la Nne, na twasema katazo hilo ni la hekima. Mtoto wa miaka sita anahitaji mtu wa kumwuliza usiku kwa nini analia. Akisafirishwa kwa basi kutoka Mtwara hadi mkoa wa mbali, akamwona mama yake mara mbili kwa mwaka, atajua kusoma lakini hatajua alikozaliwa. Sisi watu wa Kusini twalifahamu jambo hili zaidi. Katika likizo watoto wetu huingia jandoni na unyagoni, hufundishwa heshima, ukoo na lugha ya babu zao, Kimakonde, Kiyao au Kimakua. Hata Askofu Lucas wa Masasi, Mwingereza, zamani zile alitambua kwamba mafunzo ya shule yasiyopatana na mafunzo ya nyumbani humpasua mtoto vipande viwili, akatafuta njia ya kuyapatanisha. Shule nzuri haimwaibishi mtoto kwa lugha ya bibi yake.

ADA YA JULAI NA KOROSHO YA OKTOBA

Tufike sasa kwenye fedha, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinapovunjika.

Tuseme shule inataka shilingi 3,000,000 kwa mwaka, na tuseme mkulima, baada ya makato, anabaki na shilingi 3,000 kwa kilo ya korosho. Hiyo ni kilo 1,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka mmoja. Kwa miaka sita ya shule ya msingi ni kilo 6,000, na sekondari bado haijaanza. Watoto wakiwa wawili, zidisha. Kila mzazi anaijua mikorosho yake. Aihesabu mti kwa mti kabla ya kuchukua fomu. Na asihesabu kwa bei ya mwaka mzuri. Tulioona msimu wa 2018/2019 twakumbuka jinsi wanunuzi walivyogoma, Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 na jeshi likabeba mzigo, lakini wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo yao. Shule haikusubiri.

Tena kuna jambo la majira. Mwaka wa shule una mihula miwili: wa kwanza huanza Januari na wa pili Julai. Ada ya Januari humkuta mkulima na fedha, au angalau na matumaini. Ada ya Julai humkuta na majani ya mikorosho. Hapo ndipo mlanguzi wa kangomba anapopiga hodi usiku na kipimo chake. Mkulima huuza korosho ingali maua, kwa bei ya kutupa, ili mtoto asifukuzwe. Oktoba ikifika, mnada unapiga bei nzuri, naye anapakia gunia la mtu mwingine. Mwaka unaofuata ana deni na ada pia. Twawajua watu waliopoteza mashamba kwa njia hii, na mwishowe mtoto akarudishwa nyumbani hata hivyo. Shamba limekwenda na shule imekwenda.

Dawa yake ipo. Mwenye shamba la ufuta autenge ufuta kwa ada ya Julai, kwa sababu minada yake huja mapema, kuanzia Juni. Mwenye korosho peke yake, Januari alipe mihula yote miwili, na kama hawezi kulipa yote miwili, basi ajue mapema kwamba shule ile inazidi kimo chake. Wenye shule nao, hasa wanaofanya biashara yao hapa hapa mkoani, waipange ada kwa majira ya wanaowalipa. Wanaishi kwa fedha ya korosho. Haifai wajifanye hawajui korosho huvunwa lini. Wazazi kumi wakienda pamoja kulisema jambo hili ofisini, watasikilizwa. Mmoja akienda peke yake na kofia mkononi, ataambiwa asome kanuni.

SHULE ILIYOBAKI NYUMA

Mwisho kuna jambo ambalo halimo katika fomu yoyote ya kujiunga.

Ukimhamisha mtoto wako kutoka shule ya msingi ya kijijini, dawati moja limebaki wazi, na hilo ni jambo dogo. Kubwa ni kiti chako katika mkutano wa wazazi. Kwa kawaida anayehamisha mtoto ni yule mwenye uwezo na mwenye sauti: karani, mfanyabiashara, mwalimu mwenyewe, diwani, mwenyekiti wa chama cha msingi. Wote wakiondoka, nani atauliza kwa nini choo hakijajengwa? Nani atamwandikia Mkurugenzi kwamba mwalimu wa hesabu hajaja tangu Machi? Shule hubaki na watoto wa wajane na wa vibarua, ambao wazazi wao huona haya kusimama mbele ya wakubwa. Kisha twarudi kusema, "Mnaona? Shule za Serikali hazifai." Hazifai kwa sababu wenye kuzisemea wameondoka.

Wenzetu wa Kilimanjaro walijenga shule nyingi kwa michango ya wazazi, ya makanisa na fedha ya kahawa. Hawakusubiri aje tajiri mmoja afungue shule ya jina. Sisi tunayo korosho, tunavyo vyama vya msingi, na juu yake tunavyo vyama vikuu vya MAMCU na TANECU. Tuseme chama cha msingi kimoja kinauza kilo 1,000,000 kwa msimu. Wanachama wakikubaliana kwa hiari katika mkutano mkuu kutoa shilingi 10 kwa kilo, hiyo ni shilingi 10,000,000 kila mwaka. Fedha hiyo yaweza kuwalipa posho walimu wa kujitolea wa Kiingereza na hesabu na kununua vitabu kwa shule zote za kijiji, na hesabu yake ikasomwa hadharani kila mwaka, senti kwa senti. Kwa mkulima mwenye kilo 1,000, mchango wake ni shilingi 10,000. Mkulima yule yule akienda peke yake shule ya jina, atatoa kilo zote 1,000.

Hatusemi kila mtu amrudishe mtoto wake. Twasema hivi: unayelipa mjini, endelea kuhudhuria mkutano wa shule ya kijiji chako. Watoto wa ndugu zako wamo humo. Pengine na wajukuu zako watakuwamo, maana bei ya korosho haina rafiki.

Sera ya Elimu katika toleo lake la mwaka 2023 imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Neno "lazima" linatuhusu sisi wazazi, na linaihusu Serikali pia. Kama ni lazima mtoto akae shuleni miaka 10, basi ni lazima awepo mwalimu wa kumfundisha miaka hiyo yote, huku Kusini kama kwingineko. Hilo tulidai bila ya kuchoka.

Basi, ndugu wazazi, msimu huu kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni mambo matatu. Hesabuni watoto walioingia na waliotoka katika shule mnayoitamani. Hesabuni mikorosho yenu kwa bei ya mwaka mbaya. Kisha nendeni kwenye mkutano wa shule iliyo karibu na nyumba zenu, mkae kiti cha mbele, mkaulize mwalimu wa hesabu yuko wapi.